Siku za kawaida zinaleta furaha gani? Swali kutoka Ilazo, Dodoma

Mhamiaji_Ilazo ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka 43, ni mhasibu katika mojawapo ya wizara zilizohamia Dodoma, na nimeishi hapa tangu mwaka 2019. Mke wangu na watoto wetu wawili walibaki Tabata, Dar es Salaam, kwa sababu ya kazi yake na shule ya watoto. Swali langu ni jepesi kulitamka, lakini limenisumbua kwa muda mrefu: siku ya kawaida kabisa, tuseme Jumanne isiyo na sherehe, isiyo na msiba na isiyo na mshahara, mtu huifurahia kwa njia gani?

Nieleze kwa nini nauliza. Nilipofika hapa nilijiambia kwamba nikipata kiwanja nitatulia. Nilikipata, nikafurahi kwa mwezi mmoja hivi, kisha kiwanja kikageuka kuwa karatasi ndani ya bahasha. Nikajiambia kwamba nikiachana na nyumba ya kupanga nitatulia. Usiku wa kwanza katika nyumba yangu nililala sebuleni juu ya godoro lisilo na kitanda, na ninakiri kwamba usiku ule nilifurahi kweli. Lakini kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nikizitazama kuta zilezile bila kuona chochote isipokuwa pale rangi ilipobabuka. Halafu ikaja treni. Awali nilikuwa nikitoka ofisini Ijumaa, nikapanda basi na kufika nyumbani Tabata usiku wa manane nikiwa hoi, watoto wamelala. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, njia ile ikawa ya saa chache tu, na katika safari za mwanzo nilikaa dirishani nikiitazama milima ya Kilosa kama mtoto anayeiona kwa mara ya kwanza. Siku hizi nasinzia kabla hatujauacha mji.

Sidaiwi, siumwi, na ndoa yangu ina amani. Nikitoka ofisini Mtumba jioni nafunga geti, napasha chakula, nawasha televisheni, na simu naishika mpaka saa sita usiku. Siwezi kusema kwamba nina huzuni. Ninachoona ni kwamba siku zinapita bila kuniachia kitu. Naomba nisiambiwe tu nimshukuru Mungu, kwa sababu namshukuru kila siku, na ninafanya hivyo kwa moyo. Ninachotaka kujua ni watu wanafanya nini.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa amejibu:

Mwanangu, umeuliza jambo ambalo wengi huenda nalo kaburini bila kulitamka, na nimefurahi kwamba umelitamka ukiwa bado na miaka mingi mbele yako.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 34, kwa hiyo utanivumilia nikianza na maneno. Lugha yetu ina maneno kadhaa ambayo siku hizi tunayachanganya kama nafaka za aina mbili katika ungo mmoja. Raha ni hali ya mwili kupumzika: kivuli, maji ya mtungini, kiti kisichoumiza mgongo. Furaha ni mchangamko wa moyo, nao huja na habari njema kisha ukaondoka, ndiyo maana tunasema fulani amejawa na furaha, kana kwamba imemiminwa kutoka nje. Kukinai ni jambo jingine kabisa: ni kufika mahali ukakitazama ulicho nacho na kusema kwamba kinakutosha. Na lipo la nne ambalo halina neno lake peke yake, wazee hulieleza kwa kusema, "moyo wangu umetua." Ulipopata kiwanja, nyumba na treni ulipata furaha, tena ya halali, lakini uliitwika mzigo wa kuutuliza moyo, na mzigo huo haujawahi kuwa wake.

Moyo hutua wapi? Nitakupa ninachokijua kwa mwili wangu. Nilizaliwa Mpwapwa, nikaolewa katika familia ya Wagogo wa Chamwino, na nilipofika huko sikujua kupiga muheme. Muheme ni ngoma ya wanawake: unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na mwenzako wa kulia anapiga pigo lisilo lako, hivyo ukipotea wewe, safu nzima inayumba. Mawifi zangu walinifundisha kwa uvumilivu ambao sikustahili. Kwa miezi mingi nilikuwa nikijiuliza kama nimekubalika katika ukoo ule. Niliwatazama nyuso, nikapima maneno, nikalala na hesabu hizo. Ikaja siku moja ya ngoma, baada ya mavuno, tukapiga tangu mchana mpaka jua linazama. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani, viganja vinawaka moto, nilipogundua kwamba tangu mchana sikuwa nimejiuliza lile swali hata mara moja. Mikono ilikuwa imeshika pigo langu, na wenzangu walikuwa wanalitegemea. Ukiwa ndani ya muheme huna nafasi ya kujipima kama una furaha, kwa sababu mwenzako anakungoja upige.

Umetueleza kuhusu kiwanja, nyumba, treni, televisheni na simu. Umemtaja mke na watoto, nao wako mbali. Katika maelezo yako yote ya Dodoma sijaona jina la mtu hata mmoja. Kwa hiyo nami nakuuliza: geti lako lisipofunguliwa kwa siku tatu, ni nani hapo Ilazo atakayebisha hodi? Na ni nani ambaye wewe, asipoonekana siku tatu, ungekwenda kumuulizia?

Mkulima_Hombolo amejibu:

Namheshimu sana Mwalimu, na ninakubaliana naye kuhusu ngoma. Naomba hata hivyo nitofautiane naye katika hilo neno kukinai, kwa sababu wengi watakaosoma hapa hawako katika hali ya muuliza swali.

Mimi nalima zabibu. Kuna msimu soko lilikosekana, zabibu zikaoza zikiwa zinaning'inia, na nikachukua mkopo ule ambao watu wameuita kausha damu, wa kurejesha kila wiki. Kwa miezi minane nilikuwa nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, tumbo linanikata. Mwaka ule mke wangu aliniita nitoke nje kuitazama mvua ya kwanza ya Desemba. Wenyeji wa Dodoma mnajua mvua hiyo ni kitu gani kwetu, kwa sababu tangu Aprili huwa tunaishi na vumbi. Watoto walikuwa wanakimbia uani, harufu ya udongo imejaa nyumba nzima. Sikutoka. Mtu anayedaiwa kwa namna ile hana macho ya kuona mvua, na ukimwendea na maneno ya kuridhika unamwongezea aibu juu ya deni, kwa sababu ataona kwamba hata kuridhika kumemshinda.

Kilichoniokoa ni kulitaja deni. Nilimwonyesha mke wangu karatasi yenye kila shilingi, pamoja na zile nilizokuwa nimemficha, kisha tukaenda wote wawili kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wanachama walinikopesha kwa riba ya kikundi, nikauzima ule mkopo mbaya, na msimu uliofuata sikusubiri mnunuzi wa matunda. Nilikamua nikauza mchuzi wa zabibu, ambao hauozi shambani ukiwa unangoja gari. Nililipa kwa misimu mitatu. Kwa hiyo anayedaiwa na asome hapa kwanza: anza na karatasi, halafu mwenzi wako, halafu kikundi. Mengine ya furaha yatasubiri.

Wewe ndugu yangu hudaiwi, basi kwako nina neno la shambani. Mzabibu wa hapa haupati majira ya baridi ya kuulaza kama wa Ulaya. Sisi ndio tunaouamsha kwa kuupogoa, na ndiyo sababu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Watu hudhani siku ya mavuno ndiyo siku ya furaha ya mkulima. Kwangu ni siku ya wasiwasi, kwa sababu ya bei. Siku ninayoipenda huja kama wiki mbili baada ya kupogoa, nikipita asubuhi kabla jua halijawa kali na kukuta macho ya machipukizi yamefumuka kwenye fimbo za mzabibu ambazo jana ungeapa kwamba zimekufa. Hainiingizii hata senti siku ile, na hakuna ninayemwita aje kuona. Nasimama tu, naangalia, kisha naendelea na kazi. Nyumba yako haina kitu kinachoota. Kiwanja ulikinunua kimekamilika, nyumba ilijengwa ikakamilika, na treni ilikuja imekamilika. Tafuta kitu ambacho usipokigusa kesho kitaonyesha kwamba hukukigusa.

Mwanafunzi_wa_Saikolojia amejibu:

Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma, na nimevutiwa kuona wazee wawili waliotangulia wamegusa, kila mmoja kwa njia yake, jambo ambalo watafiti wamebishana juu yake kwa karibu nusu karne.

Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Brickman, Coates na Janoff-Bulman, waliwalinganisha watu 22 walioshinda bahati nasibu na wengine 22 ambao hawakushinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Tena walipoulizwa kuhusu mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa, walisema yanawapa furaha ndogo kuliko walivyosema wasioshinda. Hiyo ndiyo hadithi ya kiwanja chako. Hata hivyo, watu 22 ni wachache mno, na utafiti mkubwa wa washindi wa bahati nasibu wa Sweden, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopata fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao kwa ujumla, na kuridhika huko kukadumu kwa zaidi ya miaka kumi, ingawa furaha yao haikubadilika sana. Nilipousoma ufafanuzi wa Mwalimu nilishtuka, kwa sababu ndiyo tofauti ileile aliyoitaja kati ya kukinai na furaha, na wakati huohuo unamuunga mkono mkulima wetu: fedha inaondoa mambo mengi yanayomzuia mtu asiridhike.

Niongeze moja tu. Mwaka 2010 Killingsworth na Gilbert walichapisha matokeo waliyoyakusanya kwa njia ya simu kutoka kwa watu wazima 2,250, wakiwauliza kwa kushtukiza wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati, mawazo yao yalikuwa mahali pengine, si kwenye walichokuwa wanakifanya. Na mawazo yalipokuwa mbali, furaha ilikuwa ndogo zaidi, hata kwa wale waliokuwa wakifanya kazi wasiyoipenda. Ndugu muuliza swali, wewe umekaa Ilazo, moyo uko Tabata, na macho yako kwenye simu mpaka saa sita usiku.

Muuguzi_Dodoma amejibu:

Naomba niseme kwa ufupi jambo la kazi yangu. Umesema huna huzuni, na sitaki kukuingizia ugonjwa usio nao, lakini kushindwa kufurahia vitu vilivyokuwa vikikufurahisha ni mojawapo ya dalili za sonona, hata kwa mtu asiyelia. Kama hali hiyo imekuwepo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kupungua au kuzidi, uchovu usioelezeka au mawazo kwamba huna thamani, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukaeleze hivyohivyo ulivyotuandikia. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri wiki mbili. Aende leo, na aende na mtu. Najua mji huu unaogopa jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, na nimewaona watu waliochelewa kwa miaka kwa ajili ya hofu hiyo. Wanaotibiwa mapema wengi hupata nafuu na kurudi kwenye kazi zao.

Mhamiaji_Ilazo ameandika tena, baada ya wiki tatu:

Mwalimu, shikamoo. Swali lako nililijibu usiku uleule nilipolisoma, na jibu lilikuwa kwamba hakuna mtu. Sikupenda kuliandika, nikanyamaza.

Ndugu Muuguzi, nilikwenda kituo cha afya. Nimeambiwa kwamba sina sonona, ila usingizi wangu umeharibika kwa sababu ya simu na kahawa ya jioni, nami nimeanza kuiacha simu sebuleni ninapokwenda kulala. Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia.

Upande wa kushoto wa ukuta wangu anaishi mama mmoja mtu mzima, pamoja na wajukuu zake wawili. Mwaka jana, wakati wa mgao wa maji, alikuja kuniomba ndoo mbili. Nilimpa, nikafunga geti, na tangu hapo tulikuwa tukiulizana habari za asubuhi basi. Wiki iliyopita maji yalikatika tena. Nilifunga mpira kwenye tanki langu, nikaupitisha juu ya ukuta, nikamwita. Alikuja na wajukuu, wakajaza mapipa, na wakati mapipa yanajaa hatukuwa na jambo la kufanya isipokuwa kuzungumza. Alinisalimu, "Mbukwenyi," nikatambua kwamba nimeishi Dodoma miaka yote hii bila kujua kuiitikia salamu hiyo. Alinifundisha, wajukuu wakanisahihisha. Alinieleza kwamba mahali nilipojenga palikuwa na mbuyu, na kwamba aliuona ukiangushwa. Nilisimama pale karibu saa nzima, na simu ilikuwa ndani.

Jioni mjukuu mkubwa akabisha hodi na bakuli la mlenda wa karanga, limefunikwa kwa sahani yenye ugali wa uwele. Nilikula peke yangu mezani, televisheni imezimwa. Sijui niite nini nilichokisikia. Ninachojua ni kwamba Alhamisi ile naikumbuka yote, tangu asubuhi mpaka nilipolala, na hakuna Alhamisi nyingine ya mwaka huu ninayoikumbuka. Nilimpigia mke wangu nikamweleza habari za mbuyu, akaniambia kwamba ni muda mrefu sijampigia kumweleza jambo. Huwa napiga kuuliza ada, umeme na afya ya watoto. Nimelifikiria sana neno lake hilo.

Nina maswali mawili. La kwanza kwa Mkulima: je, uani kwangu naweza kuotesha mizabibu miwili, na nianze lini? La pili kwa Mwalimu: bakuli na sahani bado viko kwangu, nimevisafisha, na sijui desturi ya kuvirudisha.

Mkulima_Hombolo amejibu:

Unaweza. Tafuta fimbo zilizokomaa kutoka kwa mkulima unayemwamini, ziwe na macho matatu au manne, uzioteshe kwenye viriba kivulini, kisha uhamishe miche mvua zikishatulia. Chimba shimo la kina, changanya samadi iliyooza vizuri, na kagua mchwa kila wiki, kwa sababu hapa kwetu mchwa ndio watakaokula kabla yako. Mwaka wa kwanza usitazamie tunda. Kazi yako itakuwa kumwagilia na kuuongoza mmea upande juu ya nguzo. Ukikwama, uliza hapa, na kama uko tayari kufika Hombolo Jumamosi moja, fimbo nitakupa bure.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa amejibu:

Marahaba, mwanangu.

Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Weka ndani yake chochote cha jikoni, hata kikombe cha sukari au chumvi. Lakini ukienda Dar Ijumaa, rudi na nazi tatu na dagaa kidogo, maana nazi ya huku ni ghali na huyo mama ana wajukuu. Usimtume mtoto wala mlinzi. Vipeleke mwenyewe, kwa mikono miwili, jioni wakati hayuko jikoni. Atakwambia hukupaswa kujisumbua, na hiyo ndiyo adabu yake, usiijibu kwa maneno mengi. Kisha atakukaribisha ndani. Usiseme kwamba una haraka. Vua viatu, uingie, ukae.